Maji Matatu

Juma lililopita nilikabidhi ufunguo wa chumba cha kufulia, na binti aliyeupokea akaniuliza kama nina la kuwaambia ninyi mnaobaki. Nilimwambia maji ya baridi kwanza, kisha nikaenda zangu. Njiani niliona nimekuwa mchoyo. Mtu hawezi kufua nguo za hospitali tangu enzi ya Mwingereza mpaka leo, kisha akaacha maneno manne tu. Kwa hiyo naandika. Vyeo sitavitaja, maana dobi hana ngazi ya kupanda isipokuwa ile ya kwenda paani kuanika.

Nilifika Amu, yaani Lamu, katika miaka ya hamsini, umri wangu miaka ishirini na mmoja, na sanduku la bati ambalo ndani yake hamkuwa na cha kuibiwa. Nilitoka kwetu mto Tana, kwa Wapokomo, ambako baba yangu alikuwa mwinjilisti, nami nilijua mafundisho ya ubatizo kwa moyo kabla sijajua kupika. Hospitali ilikuwa nyumba ya mawe ya kukodi yenye wadi mbili, si hii yenu ya leo, nayo haipo tena. Walimtaka mwanamke wa kufua, tena haraka. Amu ni mji wa haya. Nguo zilizotoka wadi ya wanawake, hasa za uzazi, hazikufaa kuonwa na mwanamume, na wanawake wa mji hawakutaka isikike kwamba wamefua damu ya watu wasio wao. Ilibidi atafutwe mtu wa mbali, asiye na mashoga wa kumcheka. Kwa hilo nilifaa sana.

Siku ya kwanza nilifundishwa kazi na mtu aliyenipa mgongo. Huyo alikuwa Bwana Lali, dobi wa mtaa wa Langoni, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, mfuaji wa nguo za wadi ya wanaume na msimamizi wa mashuka yote. Kwake haikuwa adabu kuzitazama nguo nilizoletewa, na haikuwa adabu vilevile kuniacha niziharibu. Basi aliketi kwenye kigoda akielekea ukutani, mkononi ana hanchifu safi, akawa ananionyesha juu ya hanchifu ile isiyo na doa namna ya kutoa doa. Mimi nyuma yake naiga kwa vitu vyenyewe. Akiniuliza kama imetoka, nasema bado. Ananiambia nitie chumvi, nisitie hasira.

Kanuni yake ilikuwa maji matatu, nami nawaachia ninyi kama nilivyoipokea, mashine au si mashine. Maji ya kwanza ni ya baridi na chumvi, kulegeza damu. Damu ikikutana na maji ya moto hukaa, haitoki tena maisha. Ya pili ni ya sabuni ya mche, na kusugua kwa kiganja, si kwa kucha. Ya tatu ni ya kusuuza, na hayo yalikuwa maji matamu yaliyoletwa na punda kutoka visima vya Shela, kwa sababu maji ya kisima cha hospitali yalifanya shuka kukauka kama ngozi ya papa. Hapo, kama alivyoniagiza, nilisema kwa sauti, "Maji ya tatu," na Bwana Lali akageuka.

Nilishangaa alipogeuka mara ya kwanza. Alikuja akashika ncha moja ya shuka lile lile ambalo dakika chache kabla hakuthubutu kulitazama, tukalikamua pamoja, yeye huku mimi kule. Nilimuuliza kama sasa si vibaya. Alinijibu kwa upole, kama mtu aliyeulizwa jina la siku.

"Imeshatakata, mwanangu. Nguo ikitakata haina aibu tena. Hata mfalme aweza kuikunda."

"Kuikunda" kwa Kiamu ni kuikunja. Nilitikisa kichwa kama niliyeelewa, na ukweli ni kwamba sikuelewa kwa mwaka mzima na zaidi.

Paani kulikuwa na dunia nyingine. Paa lilikuwa bapa, la chokaa, na kamba zilipita kutoka ukuta hadi ukuta safu saba. Mashuka yakishaanikwa, niliweza kutembea katikati yake nisione mji, nisione bahari, nione weupe tu kulia na kushoto, na jua likipenya. Sauti zilinifikia bila wenyewe: nyundo za mafundi wa Langoni, punda aliyekataa mzigo, watoto wa chuo wakisoma Kurani kwa pamoja, adhana kutoka huku ikifuatwa na adhana kutoka kule. Upepo ukija, kuta zangu zote zilivuta pumzi mara moja. Nimesimama mle mara nyingi nisijue nimekaa dakika ngapi. Kama kunguru wa Amu hawangekuwa wezi wa vibanio, pengine ningesimama hadi leo.

Sasa niseme lile ambalo wakati huo sikumwambia mtu.

Nilikuwa na mtoto. Aliitwa Yona, alikuwa na miezi minane. Asubuhi moja aliamka na joto mwilini. Ng'ambo ya mto kulikuwa na harusi ya rafiki yangu, nami nilikuwa nimeahidi kwenda kuimba. Nilimwachia wifi yangu, msichana wa miaka kumi, nikamwambia nitarudi kabla jua halijafika utosini. Nyimbo zilikuwa tamu. Jua lilifika utosini, likapita, nami kila nikiambiwa "mmoja tu wa mwisho" nilikaa. Hakuna aliyenizuia. Nilikaa kwa kuwa nilitaka kukaa. Niliporudi na mtumbwi alasiri, wanawake walikuwa wameketi chini nje ya nyumba yetu, na hakuna aliyesimama kunipokea.

Tulimzika ndani ya leso yangu, kipande kimoja cha doti nyekundu yenye maua meupe. Mume wangu hakunipiga wala hakunitukana. Alinirudisha kwa baba yangu kimya kimya, na mama akaniambia maji yakimwagika hayazoleki. Alitaka kunifariji. Kipande cha pili cha doti ile nilikitia ndani ya sanduku la bati, nikaja nacho Amu. Hakikuwa na doa hata moja. Nilikifua hata hivyo, kila Jumamosi, kwa sabuni yangu mwenyewe, mpaka maua yakapotelea ndani ya wekundu na wekundu ukapotelea ndani ya maji.

Mtu akiwa na jambo kama hilo, hulipeleka kazini. Bi Zena, mkunga wa wadi ya wanawake, alikuwa mwanamke wa mikono mepesi na ulimi mzito, na mara kwa mara alitaka nimshikie kichanga wakati akimshughulikia mama. Nilimwonyesha kwamba mikono yangu ina sabuni. Nilihakikisha daima ina sabuni. Na nguo zake nilizifua kupita kiasi. Nikimaliza maji ya tatu niliona kama bado, nikatia ya nne, nikatia ya tano, siku nyingine ya saba. Bwana Lali akiuliza kama tayari, nilisema bado. Maskini mzee wa watu alitazama ukuta wa hospitali hadi akaujua kila ufa.

Wakristo mjini tulikuwa wachache, tungeenea kwenye mkeka mmoja: karani wa posta, askari wawili wa bara waliokuwa wakilinda mahabusu kule Manda, mke wa mmoja wao, nami. Tulikutana Jumapili chumbani kwa karani. Mara mbili kwa mwaka mchungaji alikuja kutoka Tana, akaandaa Meza ya Bwana, mkate na divai. Kitambaa cha meza hiyo nilipewa mimi kukitunza, kwa kuwa kazi yangu ilijulikana. Nilikifua, nikakipiga pasi, nikakitandika, kisha nikaenda kuketi karibu na mlango. Mkate ulipopita niliinamisha kichwa. Walidhani nina mambo ya kimwili ya wanawake, au unyenyekevu. Nilijua maana ya meza ile kuliko wote waliokuwa chumbani, ningeweza kuwafundisha. Ila niliamini imeandaliwa kwa watu wengine.

Ndoto nayo ilinijia, tena mchana, nikisinzia paani kwenye kivuli cha mashuka. Nimesimama ukingoni mwa mto, ng'ambo isiyo ya kwetu. Naita mtumbwi. Mto umejaa nuru, maji hayaendi, na upande wa pili naona leso nyekundu imeanikwa juu ya kichaka. Naita tena. Hakuna anayekuja. Sikuwa nikilia ndani ya ndoto ile, na hilo ndilo lililonitisha nikiamka.

Kazi yetu ina siri hii, nanyi mtaigundua wenyewe: shuka linalokwisha huanza kuwa zuri. Huwa laini, jeupe, jepesi, kila mtu hulisifu. Bwana Lali alikunja mashuka yangu siku moja, akalipeleka moja juani, akapitisha mkono nyuma yake. Aliuona mkono wake. Akanigeukia.

"Bi Marita, taka zimetoka kitambo. Hapa hufui taka tena. Wafua nguo."

Nilimwambia nimesikia. Keshoye nilitia maji sita. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Ila wasichosema ni kwamba guu lenyewe huweza kuwa la mtu mwingine.

Mwanamke yule aliitwa Mwana Esha, msusi wa mikeka kutoka Kipungani. Alijifungua asubuhi mtoto wa kiume, baada ya uchungu wa siku mbili. Chumba cha kuzalia kilikuwa juu kidogo, na ujia wa kwenda wadini ulikuwa mwembamba, wenye kona na vidato vitatu vya mawe, ambapo machela haikupinda. Desturi yetu ilikuwa kumbeba mzazi ndani ya shuka, wanawake wanne, kila mmoja na pembe yake, na mtoto juu ya kifua cha mama. Mtu mmoja alikuwa hayupo, Bi Zena akaniita nishike pembe ya kushoto, miguuni. Pembe ya shuka nilikubali, haikuwa mtoto.

Tulifika kwenye vidato. Nilisikia sauti ndogo, kama mtu anayefungua barua, kisha shuka likapasuka kutoka mkononi mwangu mpaka katikati. Mwana Esha aliangukia nyonga kwenye jiwe. Mtoto aliteleza kutoka kifuani. Sikumbuki kuamua lolote. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimepiga magoti, na kwamba alikuwa mikononi mwangu, mzima, mzito kuliko nilivyotarajia, ananitazama bila kuniona. Nikampa Bi Zena upesi, nikakimbilia chumba cha kufulia, nikatia mikono ndani ya sabuni hadi viwiko.

Mama hakuvunjika, ila nyonga ilivimba, na kwa siku nyingi hakuweza kusimama. Daktari wetu, Mzungu mwenye haraka, alilishika shuka lililopasuka mbele ya dirisha na wote tukaona dirisha kupitia shuka. Alitaka kujua mwenye mashuka ni nani. Bwana Lali akasema ni yeye. Akaulizwa ametia dawa gani kali. Akasema hakutia dawa. Akaambiwa dobi asiyejua kazi yake hafai hospitalini, na kwamba Jumamosi atakabidhi vitu aondoke. Aliitikia, akashuka kwenda kusuuza soksi za wadi ya wanaume. Mimi nilikuwa mlangoni na beseni. Alinipita, na hakunitazama hata kwa pembe ya jicho, asije akanisuta.

Ilikuwa Jumatano. Siku ile na ya kesho yake nilifua kimya, maji matatu, sikuthubutu zaidi, naye akageuka kila nilipotamka, akashika ncha yake, akakamua. Angeweza kusema neno moja tu. Alijua, na alijua kwamba najua anajua. Nilikuwa na hoja zangu: nikisema nitafukuzwa, nitarudi Tana, na Tana nilikwisha kuipoteza. Lakini palikuwa na jambo la pili lililoniuma zaidi. Mara ya kwanza mtu alipopatwa na baya kwa sababu yangu, nilinyamaza na kufua. Sasa nilikuwa nafanya vilevile. Niliogopa kwamba huyo ndiye mimi, na kwamba sitakuwa mwingine.

Ijumaa asubuhi nilipanda kwa daktari kabla miguu haijabadili nia. Nilimwambia mashuka yameliwa na mikono yangu, kwamba Bwana Lali alinionya kwa kinywa chake nami nikakaidi. Aliuliza kwa nini nilifua hivyo. Nikasema niliona hayajatakata. Alinitazama kama mtu anayetafuta ugonjwa katika kitabu na hauoni. Kisha akafuta kufukuzwa kwa mzee, akaniandikia onyo, na mimi hakunifukuza. Sipendi kujidanganya kwamba ni huruma: mwanamke mwingine wa kufua zile nguo hakupatikana kisiwa kizima.

Bwana Lali hakunishukuru wala hakunilaumu. Tulikuwa paani tunaanua, baada ya yeye kurudi kutoka sala ya Ijumaa, bado amevaa kanzu yake ya kijumaa. Aliuliza lile lile la daktari: kwa nini. Labda ni ule weupe uliotuzunguka, labda ni kwamba tulikuwa pande mbili za shuka moja na sikuuona uso wake; nilimweleza yote. Yona, harusi, nyimbo, mtumbwi, leso. Upande wa pili wa shuka vilionekana vidole vyake tu juu ya kamba.

Alipoanza kusema alinisimulia habari ya mtu mmoja, aliyosimuliwa na mwalimu wake wa chuo. Mtu huyo alikwenda birikani kutawadha, akaosha mkono, akaona maji hayakufika, akaosha tena, akaona bado, akaosha tena, hata jamaa wakatoa salamu wakatoka msikitini, naye yungali birikani. Mwalimu aliuita ule wasiwasi, akasema mwenye nao hudhani ana ucha Mungu kuwashinda wenzake, kumbe amekosa sala. Kisha akaniuliza kama yule mama wa Kipungani nimemtaka radhi. Nikasema sijaenda.

"Nenda kamtake. Haki ya mtu haioshwi kwa sabuni."

Nilishuka. Mwana Esha alikuwa amelala ubavu, na hata pale kitandani alikuwa na ukili wake wa mkeka mkononi, maana mikono iliyozoea kusuka haijui kuugua. Mtoto alikuwa pembeni yake. Nilichuchumaa nikamwambia kwamba shuka lilipasuka kwa sababu yangu, nikamwomba aniwie radhi. Aliniuliza kama ni kweli, au nimetumwa kusema ili mkubwa wangu wa kazi apone na lawama. Nikasema ni kweli. Alisuka mizunguko mitatu au minne, macho kwenye ukili. 

"Nimekuwia radhi, dunia na akhera," alisema. Kisha akamsukuma mtoto kwangu kidogo. "Nishikia, nipate kusuka."

Nilitazama mikono yangu. Haikuwa na sabuni.

Nilimshika hadi ukili ukafika urefu wa dhiraa. Alilala. Alinuka maziwa, na udi uliofukizwa kwenye nguo zake. Sikufa, wala yeye hakufa.

Niliporudi paani Bwana Lali alikuwa bado anakunja. Nilimwambia, huyu amenisamehe, lakini yule wangu je? Yumo kaburini, hawezi kuniambia nimekuwia radhi. Mzee alisema hilo silo la dobi. Akaniuliza dini yetu yasemaje juu ya haki ya mtu aliyekwisha kufa. Na mimi, binti wa mwinjilisti, nikamjibu kama mtoto wa shule aliyeulizwa swali analolijua. Nilisema tunaamini kwamba Masihi alisimama mahali pa wenye makosa. Alizichukua hatia za watu juu yake, hata zile ambazo hakuna aliyebaki duniani wa kuzisamehe, akafa nazo, na damu yake ikatupatanisha na Mungu. Na kabla ya kukata roho alitamka kwamba kazi imekwisha.

"Imekwisha yote?" aliuliza.

"Yote."

"Hata hini yako?"

 Upepo ulikuja ukayavuta mashuka yote kwa pamoja, yakajaa, yakatulia. Bwana Lali alitoka nyuma ya shuka lake ili nimwone usoni.

"Mimi si wa dini yenu, Bi Marita, na hayo tungekaa kuyazungumza tungekosana mwanzo wake. Lakini kama ndivyo mwaminivyo, basi weye wafua nguo iliyofuliwa."

Akabeba rundo lake akashuka. Aliniacha pale, nami nikakaa chini kwenye chokaa katikati ya ule weupe, nikalia. Si kilio cha msiba, nilikijua kile. Niliyasema yale maneno maelfu ya mara, nikawafundisha watoto kwetu, nikakipiga pasi kitambaa cha meza yake; na siku zote niliyasema kama mtu anayesoma anwani ya nyumba ya wengine. Sasa nilikuwa nimeulizwa na Mwislamu mwenye haki ya kutoamini, kama naamini. Nilijiona jinsi nilivyokuwa: mwanamke aliyeambiwa na Mungu mwenyewe kwamba ametakata, naye akasema bado. Na lingine likanijia polepole, sijui lilitoka wapi. Mtu hamwagi damu yake kwa ajili ya takataka. Kama alinifia, basi hata siku ile niliyokuwa ng'ambo naimba, nilikuwa mtu wa thamani machoni pake. Wazo hili lilikuwa geni mno, nikakaa nalo mpaka nikaitwa adhana ya alasiri ilipokwisha.

Msinifikirie nilipona siku ile. Mkono uliozoea kurudia hurudia. Mara nyingi nimesimama juu ya beseni nikiona bado, nikalazimika kusema kwa sauti, "Maji ya tatu," na kuliacha shuka liende. Bwana Lali alikuwa akigeuka upesi sana, nadhani kwa makusudi, nisipate nafasi ya kubadili neno. Tulifanya hivyo miaka sita, hadi magoti yake yakakataa ngazi.

Mchungaji alikuja baada ya mvua. Nilitoa kitambaa cha meza kwenye sanduku, nikaona kina doa la divai la safari iliyopita, dogo, pembeni. Maji ya kwanza, baridi na chumvi. Ya pili, sabuni. Ya tatu, maji ya Shela. Doa lilibaki kivuli chake, rangi ya waridi iliyofifia, ambayo mtu asiye dobi asingeiona. Zamani ningekitoboa kitambaa kabla ya kukiachia. Nilikitazama, nikakianika.

Jumapili nilikitandika, na badala ya kwenda mlangoni nikaketi mkekani pamoja na wenzangu. Mke wa askari alisogea kunipa nafasi bila kuuliza. Mkate ulipofika nilinyoosha mkono. Nilikula. Kikombe kilipokuja nilikunywa, na tone moja likadondoka kwenye kitambaa, karibu na lile kovu la waridi. Mchungaji alilifunika kwa kiganja ili nisifadhaike, hakujua kwamba nilikuwa natabasamu. Adhuhuri ile nilisinzia paani. Mto ulikuja kama kawaida, wenye nuru, lakini mtumbwi ulikuwa ukingoni, na ndani yake mashuka yaliyokunjwa. Niliingia, nikaketi juu yake. Sikufika ng'ambo kabla ya kuamka, lakini nilikuwa nimeondoka ukingoni.

Mtoto wa Mwana Esha sasa ni baba wa watoto. Akija mjini kuuza mikeka ya mama yake hunipitia, na hunidai chai kama mtu aliyezaliwa na mimi. Bwana Lali amelala makaburini pamoja na wazee wake. Siku ya mazishi nilisimama mbali, kama inavyomstahili mgeni wa dini, na nilimlilia kama mwana. Vichanga nimevishika vingi, sikuvihesabu. Bi Zena alilalamika kwamba simwachii hata kimoja.

Basi ndilo hilo nililomnyima yule binti nilipompa ufunguo. Maji ya baridi kwanza, ndiyo. Lakini mkifika maji ya tatu, semeni kwa sauti, na nguo iacheni ipande juani.

Ile leso ninayo, mle mle kwenye sanduku la bati. Imekuwa nyeupe, laini, na ukiishika juani utaona mkono wako. Jana niliitoa nikaikung'uta vumbi kidogo, nikaikunja, nikairudisha. Tangu Jumapili ile sijaifua.